Mpangaji Asiyekunywa Maji

Mama wa ununuzi katika shule moja karibu na Nyayo Highrise aliniambia bila kuondoa macho kwenye kompyuta yake: "Kazi yako tumeipenda. Lakini sisi hatuandikiani mkataba na mtu. Tunaandikiana na kampuni. Nakupa wiki tatu, hadi Ijumaa ile. Ukileta cheti, majiko ni yako. Ukichelewa, kuna wengine."

Majiko yenyewe yalikuwa manne, makubwa, ya kuni, na yote yalikuwa yakitoa moshi kwa mbele badala ya kuupandisha kwenye dohani. Mchana huwa nachomelea mageti katika banda la jua kali Kawangware. Jumamosi, na jioni chache kwa wiki, watu huniita niwashauri kuhusu majiko: mdomo uwe na upana gani, hewa iingilie wapi, dohani ipande hadi wapi. Hakuna chuo kilichonifundisha. Nilijifunza kwa kubomoa majiko mabovu na kusoma vijitabu nilivyovipakua kwenye simu hadi nikavijua kwa moyo. Ndiyo maana nina woga wa mtu aliyejifundisha mwenyewe: kila siku nangoja mtu atokee aniulize ni nani aliyeniruhusu. Napima mara tatu. Ujumbe wa maneno manne nausoma mara tano kabla sijautuma. Na naona aibu kukiri, lakini huwa nawasahihisha watu ngeli.

Kampuni, kwangu, ilikuwa jengo lenye lifti na mlinzi wa kuandika majina ya wageni. Sikujua kwamba mtu mmoja anaweza kuianzisha akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika saiba, kibanda cha intaneti, pale Kabiro. Dada wa saiba ndiye aliyenifungua macho. Ni wa rika langu, na anachapa bila kutazama vidole.

Wiki ya kwanza karibu yote ilikwenda kwenye jina. Mawili niliyoyapenda yalikuwa yanafanana mno na ya kampuni nyingine. La tatu, ambalo niliongeza tu kujaza nafasi, likakubaliwa. Ndipo tukaanza fomu.

"Kampuni yako ako na dairekta mmoja ama wawili?" akauliza.

"Ina," nikasema.

"Ina nini?"

"Kampuni ina mkurugenzi mmoja. Si 'ako na'. Ni ngeli ya I-ZI."

Akaacha kuchapa. "Aki wewe. Haya, huyo mkurugenzi ni nani?"

"Mimi."

"Mwenye hisa?"

"Mimi."

"Basi hii si kampuni. Ni wewe unajiongelesha."

Waliokuwa kwenye foleni ya kupiga chapa wakacheka. Nilicheka pia, huku masikio yakiwaka. Kisha akaniuliza namba ya ploti itakayokuwa anwani ya ofisi, na nikagundua siijui. Miaka minne nimepanga chumba pale, na mtu akitaka kuja namwambia ashukie kwenye kinu cha unga, atafute geti la bluu.

Nikaenda kwa mwenye ploti. Sisi wapangaji wote humwita Shosho, kama nyanya yetu. Shamba lilikuwa la baba mkwe wake kabla halijageuka safu za vyumba, naye anaishi katika nyumba ya mawe pale mbele, ambapo hakuna anayeingia wala kutoka bila yeye kujua. Nilimkuta akichambua maharagwe kwenye sinia.

"Kampuni gani?" akauliza.

"Yangu, Shosho. Naiandikisha. Inahitaji anwani."

"Kwa hivyo ataishi kwa hiyo nyumba yako?"

"Kwa karatasi tu."

"Mimi nilikupatia nyumba ya mtu mmoja. Sasa unaniletea wa pili."

"Shosho, si mtu. Hainywi maji. Haiendi choo."

"Wote husema hivyo. Mwezi wa kwanza ni mgeni, mwezi wa tatu anaanika nguo." Alitupa jiwe dogo pembeni. Kisha akaitaja namba ya ploti bila kwenda kutafuta karatasi, polepole, tarakimu moja baada ya nyingine, kama anayetaja jina la mtoto wake wa kwanza. "Andika vizuri. Na akianza kuleta wageni, tutaongea."

Nilitembea kurudi saiba nikiirudia ile namba mdomoni. Chumba changu cha mabati, ambacho upepo ukivuma hulia kama debe, kilikuwa na namba. Kilikuwa kimeandikwa mahali fulani muda wote huo.

Ijumaa ya kwanza fomu ilikuwa imejaa. Kilichobaki ni kutuma. Sikutuma. Nilimwambia dada wa saiba ninataka kuipitia tu mara moja, nikaipitia siku tisa. Nilipata herufi moja kubwa mahali pasipotakiwa, nikairekebisha. Nikabadilisha maelezo ya kazi kutoka "ushauri wa majiko" hadi "ushauri wa nishati ya jikoni", halafu nikarudisha. Kila nilipofika kwenye kitufe cha mwisho, niliona kana kwamba nyuma yake kuna watu wameketi mezani, wananingoja niingie waanze kuniuliza maswali.

Kati ya siku hizo tisa kulikuwa na Jumapili ambayo sitaisahau. Baada ya kanisa nilijilaza kitandani na sheria ya makampuni kwenye simu, Kiingereza kigumu, na kamusi kando. Nilitaka kujua ninatia saini nini. Nikafika mahali paliposema kwamba kampuni ikishaandikishwa inakuwa mtu machoni pa sheria. Inaweza kumiliki kitu kwa jina lake. Inaweza kushtaki na kushtakiwa. Wenye hisa wakifa, yenyewe inaendelea.

Nilikaa kitako. Nikasoma tena. Mtu.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi mwili ulivyonisisimka. Mimi, ambaye cheti cha juu kabisa nilicho nacho ni cha kidato cha nne, nilikuwa nimeruhusiwa kuongeza mtu mmoja katika dunia, kwa fomu chache na saini. Hana damu wala kivuli, na bado jaji anaweza kuita jina lake na kulazimika kumsikiliza. Na dada wa saiba, kwa ngeli yake niliyoikosoa mbele ya watu, alikuwa amemwona kabla yangu. Shosho pia.

Jumapili iliyofuata, siku ya tisa, nilikwenda Kibera kwa mama. Alikuja Nairobi kutoka magharibi mwa Kenya kabla sijazaliwa, na huniita Kukhu, yaani nyanya, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Alikuwa akikunja nguo. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Kukhu, hao watu wa shule ukiwaharibia, watakuja kuchukua nini? Hata jiko la yule mama wa mandazi ulilomshauri lilipasuka."

"Lilipasuka tofali moja, Mama."

"Moja ni moja. Hapa kuna meza, kuna sufuria zangu, kuna tivii."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini kidole changu kilikataa kubonyeza. Nilikuwa nikiogopa hizo sufuria. Nikamweleza nilivyoelewa: kampuni ikidaiwa, atakayedaiwa ni kampuni. Wakishamaliza kilicho chake, deni linaishia hapo, halivuki kuja hadi mlangoni kwake. Ndiyo maana ya lile neno limited mwishoni mwa jina.

"Na wewe ukifa?"

"Yeye anabaki."

Mama akaacha kukunja. "Hata Kukhu mwenyewe, na ule ukali wake wote, alituachia jina tu," akasema. "Huyu wako ulimpatia jina la nani?"

"Jina lililokuwa halijachukuliwa."

"Maskini," akasema, kwa ile sauti anayoitumia kwa watoto wasio na kwao.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda bandani, nilisimama mbele ya dada wa saiba.

"Kampuni ako tayari leo?" akaniuliza, akingoja nimsahihishe.

"Ako tayari."

Alinitazama. "Wewe uko sawa kweli?"

Nikabonyeza mwenyewe. Hakuna kilichotokea, isipokuwa duara dogo lililozunguka likanyamaza. Siku zilizofuata nilichomelea geti moja vibaya hadi bosi akanituma nikanywe chai. Ijumaa yenyewe, saa nne kasorobo, simu ikalia. Cheti kilikuwa kimetoka. Kulikuwa na jina, namba, na tarehe ya kuzaliwa kwake. Nilikisoma nimesimama kando ya barabara, nikitafuta kosa. Sikuona hata moja. Dada wa saiba alikichapa kwenye karatasi nzito na kunikataza nisikishike hadi wino ukauke.

Saa tisa nilikuwa shuleni. Mama wa ununuzi alisoma cheti, akanisogezea mkataba. Jina la kampuni lilikuwa limechapwa juu ya mstari, na chini yake nafasi ya anayetia saini kwa niaba yake. Nikatia saini, nayo ikatoka nzuri. Kisha akanituma jikoni nikaonane na mpishi mkuu.

Macho ya mpishi yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka matangani. Aliyafuta kwa pindo la aproni, akanitazama mimi, akatazama karatasi mkononi mwangu.

"Ni wewe wa majiko?"

"Kampuni yetu ndiyo imepewa kazi," nikasema. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo.

"Mimi sijui mambo ya kampuni. Hao wa ofisi huleta karatasi, halafu moshi unabaki na sisi. Ni wewe utainama hapa, ama utatuma mtu?"

Yote niliyomweleza mama yalikuwa kweli, sufuria zake zilikuwa salama. Lakini macho ya huyu hayakuwa yameandikwa popote katika hisa zangu, na yule mtu wangu mpya, pamoja na maajabu yake yote, hakuwa na mkono wa kuingiza motoni.

"Ni mimi," nikasema.

"Basi inama. Hilo la mwisho ndilo baya."

Nikaweka cheti juu ya gunia la mahindi, mbali na maji. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono hadi begani ndani ya mdomo wa lile jiko lililokuwa bado na joto la mchana, nikaanza kupapasa mahali hewa inapoingilia.