Jina la Marehemu Kwenye Kengele

Domnica ni mtu wa kufuata mila hata pasipo na mtu wa kumtazama. Naanza na hilo kwa sababu wengi mtaani kwetu wanasema alikosa akili, na mimi siwezi kuwaachia waseme. Akili anazo. Kilichomponza ni adabu.

Alitoka Moldova, kijiji kimoja na mimi, akaja Italia kama tulivyokuja sote: kutunza wazee wa watu, huku wazee wetu wakitulelea watoto. Binti yake, Sanda, alimwacha kwa mama yake angali ananyonya. Hapa mjini kwetu, mkoani Veneto, akamtunza Bi Ersilia Bordin, mjane wa fundi viatu. Alimwogesha, akamlisha, akavumilia kuambiwa kila siku kwamba ugali wake haukukorogwa vya kutosha. Bi Ersilia alikuwa na ulimi mkali kama wembe, lakini walipatana, maana wote wawili hawakujua kusema uongo. Mwanawe, Tiziano, hakumwandikisha Domnica popote. Kwa serikali, mwanamke yule aliyelala chumba cha pembeni mwa jiko hakuwapo duniani.

Bi Ersilia alipofariki mwezi wa tano, Tiziano alifanya jambo moja la maana: alimpangisha Domnica nyumba ileile kwa bei ya huruma. Domnica akapata kazi ya mkataba kiwandani, kufungasha matunda, zamu ya asubuhi. Mara mumewe, Vitalie, akafika na mtoto. Vitalie naye akapata kazi ya kupiga lipu kwenye mijengo ya mbali, anaondoka Jumatatu, anarudi Jumamosi. Kwa mara ya kwanza walikuwa familia ndani ya nyumba moja.

Sanda alikuwa amekaribia miaka miwili. Neno mama alimpa bibi yake. Mama yake mzazi alimjua kama yule wa kwenye simu. Akiumwa, akiwa na njaa, alimkimbilia baba, na baba akiwa kazini alikwenda kusimama mlangoni. Domnica hakulalamika. Kila jioni alikaa sakafuni na vijiko na vifuniko vya sufuria, akangoja, kama mtu anayemngoja paka wa jirani azoee mkono wake. Asubuhi binti wa ghorofa ya juu alimshikia mtoto, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa.

Siku moja katikati ya kiangazi Sanda alijibana kidole kwenye droo, akampita baba yake, akamwendea Domnica akilia, "Mama." Domnica alinipigia simu kunieleza. Nililia palepale jikoni, na mzee ninayemtunza akawa anauliza nani amekufa.

Sasa, serikali ya huku humlipia mzazi sehemu kubwa ya ada ya kituo cha kulelea watoto, hata kama amefika juzi, mradi awe ameandikishwa kuwa mkazi wa mji. Ukishapeleka ombi la ukazi, askari wa manispaa huja bila taarifa kuhakikisha kwamba unakaa pale ulipotaja. Anatazama majina kwenye kengele za mlango wa nje, anabonyeza la kwako, basi. Domnica alipeleka ombi mapema, na kituo kikamwahidi nafasi ya Septemba, mradi ukazi uwe umepita. Alijua hesabu yake bila kuiandika: bila ruzuku ile ada ingemeza mshahara wote, bila kituo hakuna wa kukaa na mtoto asubuhi, na mtoto asiye na wa kukaa naye hurudishwa kwa bibi.

Mwisho wa Agosti nilimsindikiza kwenye ofisi ya chama cha wafanyakazi kwenda kuomba ruzuku. Ilikuwa Alhamisi alasiri, saa zangu za kupumua. Dada wa pale aliangalia kompyuta, akaangalia tena, kisha akauliza kwa upole kama kweli anaishi kwenye nyumba ile. Ombi la ukazi lilikuwa limekataliwa tangu mwezi wa sita. Askari alikuja, jina lao hakuliona, akaandika kwamba watu hao hawapatikani. Hata barua ya kuwaarifu ilirudishwa, kwa sababu mtu wa posta naye hakuliona jina.

Kinyozi Oreste, mwenye duka chini ya nyumba, alitusimulia baadaye kwamba askari alimuuliza nani anakaa kwa Bordin. Oreste huongea mpaka wateja hulala kitini. Siku hiyo alijibu neno moja tu, kwamba Bi Bordin alishafariki, akaendelea kunoa wembe.

Tulipotoka ofisini nilimsimamisha Domnica ngazini.

"Kwani jina lako halikuwa kwenye kengele?"

"Lilikuwapo la Bi Ersilia."

"Na kwa nini hukulibandua, wewe mtoto?"

"Arobaini ilikuwa haijafika, shangazi. Roho huzunguka nyumbani mpaka arobaini. Ningemtolea jina, angeujuaje mlango wake?"

Nilimkumbusha kwamba Bi Ersilia alikuwa Mkatoliki, si Mwothodoksi kama sisi, na roho za Wakatoliki hazizunguki, zinakwenda zao moja kwa moja.

"Mimi ndiye niliyemfumba macho," alisema. "Nilimfanyia ninavyojua."

Mimi pia nimelelewa hivyo. Nilikumbuka gilasi ya maji na kipande cha mkate pale dirishani, na kiti cha marehemu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukisogeza. Arobaini ilipotimia, Domnica alichemsha ngano na sukari, akagawa taulo na mishumaa kwa majirani kwa ajili ya roho ya marehemu. Oreste alipokea taulo lake akamtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Ndipo alipobandua jina la Bordin na kuweka la kwao. Siku za mwizi ni arobaini, na za maiti wetu nazo ni arobaini, lakini askari hana arobaini, alikuwa ameshapita. Nilimkasirikia Domnica, nikamkasirikia na marehemu, Mungu anisamehe.

Ombi jipya lilipelekwa siku ileile. Lakini kituo hakingoji, nafasi ilikwenda kwa mtoto mwingine, na kwa Sanda wakasema mwaka ujao. Domnica alimwendea mkuu wa kituo, akajitolea kupiga deki jioni bila malipo. Mkuu alimpa kiti na maji ya kunywa, nafasi hakuwa nayo. Tiziano aliahidi kuongea na watu, na nadhani anaongea nao mpaka leo. Nilimwomba binti wa mzee wangu anikubalie kukaa na mtoto asubuhi, akasema nyumba yao si hoteli. Binti wa ghorofani akarudi shule. Msimamizi wa kiwanda alimsikiliza Domnica mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mtoto ni wako, zamu ni yangu."

Jumapili tukampeleka Sanda nyuma ya stesheni, kwenye mabasi madogo yanayokwenda kwetu. Dereva alikuwa akipima vifurushi: mafuta ya zeituni, kahawa, sabuni ya unga, kila mtu anatuma anachoweza. Mtoto akawekwa kando ya mwanamke wa kijiji cha pili tunayemfahamu. Alifurahi, alidhani tunasafiri wote. Mlango ulipofungwa akatafuta, akampata mama yake nje ya kioo, akaanza kuita. Sauti haikutufikia, lakini mdomo tuliuona.

Vitalie aligeuka akatazama ukuta. Domnica alisimama mpaka basi likakata kona.

"Bora asingelijua neno hilo, shangazi," alisema. "Bora ningebaki yule wa kwenye simu."

Oktoba, Alhamisi, nilikuwa kwake kengele ilipolia. Alikuwa askari wa manispaa, yuleyule, kijana mwenye adabu, akajifuta viatu kabla ya kuingia. Alisifu kwamba safari hii jina linasomeka vizuri. Akazungukia vyumba, akaona kitanda kidogo kimetandikwa, na vijiko na vifuniko vimepangwa chini yake.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa bibi yake, Moldova."

"Atarudi?"

Domnica akamkaribisha mezani, tukaketi. Kijana alikitazama tena kitanda kupitia mlango, akashusha sauti. Alisema kitanda amekiona, jina amelisoma, na yeye anaweza kuandika watatu. Nilimkanyaga Domnica mguu chini ya meza. Watatu maana yake ukazi wa mtoto, na mlango wa ruzuku wazi siku nafasi itakapopatikana. Nilimkanyaga tena, kwa nguvu.

"Mtoto haishi hapa," Domnica alisema. "Andika wawili."