Vigelegele vya Hotuba ya Waziri

Harusi ya Wanubi, iwe hapa Arua au kwetu Koboko, haianzi bila vigelegele vyangu. Ndiyo maana chifu alinikabidhi wanawake siku tuliyoitwa ukumbini kutazama hotuba ya waziri kwenye televisheni, kuhusu kampeni ya kulima pamba. Ilikuwa miaka ya serikali ya jeshi, na chifu hakuwa mtu wa kuchezewa.

Niliwapanga wanawake nyuma yangu. "Mimi nikianza, nyinyi mufuate. Mutu asinyamaze mpaka niinue mkono."

Waziri alizungumza Kiingereza, nami Kiingereza sikijui, ila sikutaka chifu alijue hilo. Nikajiwekea alama: akigusa kofia yake, napiga vigelegele. Akaigusa mara ya kwanza, tukapiga, na watu wa kwenye televisheni wakapiga makofi. Mara ya pili vivyo hivyo. Nikajiona bingwa wa siasa.

Mara ya tatu aliivua akaishika kifuani. Nikasema moyoni, leo amefurahi kweli. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, wanawake wakapokea.

Mama Keziah, jirani yangu aliyesoma shule ya misheni, akanivuta nguo. "Dada, yeye iko naomba watu wanyamaze. Iko nakumbuka watu walikufa."

Nikageuka. Chifu na wazee walikuwa wamesimama, wameinamisha vichwa. Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, na wanawake nyuma yangu wakaendelea, wakisubiri niinue mkono.