Mjukuu Wangu Alipojifunza Kusema Mimi

Mimi niliacha shule darasa la tatu, na sioni haya kusema. Nimeuza mahindi hapa Rhonda, mtaa wa Nakuru, tangu soko likiwa matope matupu. Nikiuma punje moja kwa jino nakwambia kama imekauka. Mjukuu wangu wa kike, niliyemlea mimi bibi yake tangu akinyonya chupa, yeye anasomea udaktari. Si wa sindano. Jirani yangu mwuza nyanya alimwuliza atamwangalia mgongo lini, nikamjibu huyu ni daktari wa mahindi, kwa hivyo ajigeuze gunia kwanza.

Anachosomea ni ile kuvu yenye sumu inayoingia mahindi yakiwekwa vibaya. Miaka minne amezunguka vijiji vya Rongai, stoo hadi stoo, akifungua magunia ya watu na kupima.

Alipokaribia kumaliza, chuo kikaanza kuwafunza wenzake na yeye jinsi ya kutafuta kazi. Nilicheka. Mtu amesoma mpaka macho yakataka miwani, sasa anafunzwa kuomba kazi? Akanieleza kwamba nafasi za kufundisha chuoni ni chache, na wengi wao watatafuta riziki kwingine, kwa watu wasiojali unene wa kitabu chako cha utafiti. Wanataka kujua unaweza kuwafanyia nini. Na yeye tayari alikuwa ameitwa mahojiano Alhamisi, na shirika moja la mambo ya nafaka hapa Nakuru. Aliitaka hiyo kazi kuliko kitu chochote.

Jumapili akaja kwangu uso umeanguka. Walikuwa wamefanya mahojiano ya kujaribu, walimu wakajifanya ndio waajiri. Kila akiulizwa, alijibu "tulifanya," "tuliona," "profesa wangu alisema," na macho yako sakafuni. Mama anayewafunza kuomba kazi akamwambia kwamba akienda hivyo Alhamisi, watamwandika kazi profesa wake, si yeye.

Nikamwuliza ni nani alifungua hayo magunia. Akasema ni yeye. Na nani alipima? Yeye.

"Sasa kwa nini husemi?"

"Shosho, mtu hajisifu mbele ya wakubwa."

Hayo maneno niliyajua, yalitoka kwa mdomo wangu. Akiwa mdogo aliwaambia wageni kwamba amekuwa namba moja, nikamvuta sikio mbele yao. Nikamfunza mtu mzima akiongea unaangalia chini. Kanisa lote lilinisifu kwa kulea msichana mwenye heshima, nami nikavimba kichwa. Kumbe nilikuwa naziba mlango atakaohitaji kupitia.

"Nilikufunza adabu," nikamwambia. "Sikusema ujifiche. Kama nilikosea, nilikosea. Lakini Alhamisi haitungoji."

Jumatatu mchana niliwaita wamama watatu wa chama chetu cha kuweka akiba, mwuza nyanya akiwa mmoja wao. Nikawakalisha kwa benchi mbele ya kibanda, nami katikati, tukamsimamisha msichana. Niliwaambia wasimhurumie. Mwuza nyanya hakuhitaji kuambiwa.

"Nikuandike kazi ya nini?" akamwuliza. "Mahindi yangu naanika kando ya lami kila mwaka, na sijakufa."

Msichana akacheka, akainamisha kichwa. Nikagonga debe na mwiko. Akainua macho, akaanza: "Kwa utafiti wetu, tuli..."

"Wewe na nani?" wamama wakauliza pamoja.

Akaanza tena. Tena "tuli." Tena wakamwuliza yeye na nani. Watu waliokuja kununua wakaacha kununua, wakasimama kutazama. Nilimwona anakasirika, na nikafurahi, kwa sababu hasira ya huyu mtoto haina adabu hata kidogo.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye nilishinda kwa stoo za watu nikipima unyevu. Mimi ndiye niliona gunia likiwekwa kwa simiti, mahindi ya chini yanaharibika na ya juu bado ni mazuri. Na nyinyi mnauma punje ya juu, mnasema ni safi. Hiyo sumu hata jino haliijui."

Benchi lote likanigeukia mimi. Magunia yangu yalikuwa nyuma yangu, yamekaa kwa simiti, vile yamekaa miaka yote.

Akashtuka. Akaanza kuniomba msamaha, macho yakarudi chini. Moyo wangu ulikuwa umechomeka, siwezi kudanganya, lakini nilimkataza.

"Usiniombe chochote. Tuulize kama kuna swali lingine."

Mwuza nyanya akasema yeye hana, huyo aandikwe. Jioni hiyo nilinunua mbao, tukainua magunia.

Alhamisi sikuuza vizuri. Mtu aliitisha mahindi, nikampimia maharagwe. Msichana alirudi saa kumi, akakaa kwa debe na viatu mkononi. Akaniambia walikuwa watu watano, na mmoja, mzee mwenye mvi, alimwuliza kama hiyo kazi ya utafiti ni yake ama ya profesa wake.

"Nilimwangalia machoni, shosho. Nilihisi ni kama nimemtusi. Nikamwambia profesa alinielekeza, lakini kazi ni yangu."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Aliandika kitu."

Ilikuwa wiki mbili za kungoja hicho alichoandika. Siku simu ilipolia, alikuwa nyuma ya kibanda akipepeta maharagwe. Alikuja akaninong'oneza kama mtu anayeleta habari ya matanga: amepata kazi, ataanza akishamaliza kuandika kitabu chake.

Nilisimama tayari kuzunguka soko nikitangaza, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Halafu nikakaa. Nikamwambia aende kuwaambia wale wamama yeye mwenyewe, na asiseme kwa sauti ya panya. Alikataa, nikamnyang'anya ungo. Akaenda. Nilimsikia kwa mwuza nyanya, kisha kwa mwuza mboga za sukuma, kisha mbali zaidi, kwa watu ambao hata sikumtuma kwao.