Boti ya Kwenda kwa Sokwe

Jumatatu, katika ofisi ya shirika moja la misaada hapa Kigoma, mama mkimbizi kutoka Burundi aliomba boti ikamchukue mwanawe. Walipotezana walipovuka ziwa, na mtoto yuko Ilagala.

"Mafuta hakuna, mama," alijibu bwana mkubwa, kisha akamgeukia nahodha. "Jumamosi tunakwenda Mahale kutazama sokwe."

Nahodha akakuna kichwa. "Si tutapita Ilagala, bosi?"

"Kanuni hairuhusu mkimbizi kupanda boti ya ofisi."

Mama akakaza kanga kiunoni. "Basi, mzee, nitatuma salamu mwanangu apande mtini. Huenda mkasimama."

Jumamosi boti ilipita Ilagala bila kusimama, imebeba shemeji wawili wa bwana mkubwa na kreti za bia. Nimeuliza. Kanuni haiwataji shemeji.