Shilingi ya Kifungua Mlango

Mwanangu, hata nikisahau jina langu, iko siku moja sitaisahau. Ni siku niliyofungiwa mlango na watu wa mke wangu, nimevaa kanzu mpya na kilemba kichwani, na wanawake wakinicheka. Keti. Magoti yangu hayana haraka tena, na mimi pia sina. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hivyo nikipotea njia nivumilie, nitarudi.

Miaka ile ya themanini nilikuwa nikiuza kahawa pale Malindi, birika la shaba mkono huu, vikombe vikilia mkono huu. Kahawa chungu ya tangawizi. Siku hizi naona watu wanatia sukari. Haya, yao hayo. Palikuwa na Mtaliano mmoja mzee aliyezoea kunywa kwangu asubuhi. Siku hiyo nikampa chenji, akaitazama senti kumi moja akaruka kama aliyekanyaga nge. Ilikuwa imemegeka ukingoni. Akanipa noti ya shilingi mia kwa senti kumi ile! Nikamwuliza, "Bwana, una wazimu?" Akacheka, akaketi akanifunza.

Akaniambia sarafu hukosewa kule kule zinakopigwa, na kosa la mashine lina wanunuzi wake. Shilingi ukiigeuza kama ukurasa, nembo ya nyuma yafaa isimame wima sawa na kichwa cha mbele. Ikiinama upande, mashine ilikosea. Ukiona herufi zimejirudia mara mbili, tazama vizuri. Zote mbili zikiwa na unene wake, ni mashine. Ile ya pili ikiwa bapa, imesukumwa tu, basi huyo ni mtu na nyundo yake, haina bei, kanunue kiberiti nayo. Wallahi, mwalimu wangu wa shule angalifundisha hivyo ningalifika mbali.

Tangu hapo jicho langu halikupata raha. Mteja ananipa pesa, namwacha na kiu yake, kwanza nageuza. "Yakhe, hiyo ni shilingi, si samaki, mbona wainusa?" Ndivyo walivyonitania. Ijumaa niliwafuata hata maskini waliopewa sadaka madukani, nikiwabadilishia senti zao. Kwa muda wote huo za kweli nilizopata ni tatu.

Basi nikaposa Mambrui, binti jina lake Zuhura. Nilimpenda, mwanangu. Sikufichi.

Wajua kwetu bwana harusi haingii chumbani kama anayeingia dukani. Somo wa bibi harusi, yule mwanamke mzima aliyemfunza mambo ya unyumba, husimama mlangoni na wenzake, na hupiti mpaka utoe kifungua mlango. Watu wa Zuhura hawakutaka noti. Walitaka shilingi, zidondoke kwenye sinia moja moja, zilie, bibi harusi asikie huko ndani vile anavyotakwa. Ami yangu ndiye aliyekuja na mfuko wa shilingi kutoka ng'ambo ya kusini ya Kilifi, akavuka kwa feri maana daraja lilikuwa bado. Zingalipita mikononi mwangu kwanza, labda nisingaliaibika.

Ilikuwa baada ya alasiri. Somo wake, Bi Mwanaisha, alikuwa amejaa mlango mzima. "Hodi ya mkono mtupu hatuijui hapa!" Nikaanza. Shilingi inalia, vigelegele. Inalia nyingine, vigelegele. Sasa moja, wakati inaniponyoka vidoleni, nikaona herufi zake zimejirudia. Nikainama, nikaiokota kwenye sinia.

"Hii ngojeni," nikasema. "Nitawapa nyingine."

Vigelegele vikakatika. Bi Mwanaisha akanitazama kuanzia kilemba mpaka makubadhi. "Wewe umekuja kuoa au kuchagua mchele?"

Wakacheka. Nami, badala ya kuirudisha nikacheka nao, nimeinua shilingi naitafutia mwanga!

"Irudishe, baba. Iliyokwisha kulia imekwisha sikiwa."

"Bi, hii si kama zile. Ina kosa."

"Na huyu aliye humu ndani ana yake. Ukiyaona, utamrudisha pia?"

Nikasikia komeo likiingia.

Ami yangu alibembeleza mlango ule mpaka adhana ya Magharibi ikakaribia. Mwisho akavua saa yake ya mkononi, akaiweka kwenye sinia. Ndipo nikafunguliwa. Zuhura alikuwa amejiinamia kitandani, hina mbichi bado yanukia. Hakuniamkia. Akauliza tu, "Ilikuwa na kosa gani?"

Na mimi, mjinga wa watu, nikamweleza. Nikamweleza vizuri kabisa, unene na ubapa.

Asubuhi nikaipeleka juani. Herufi za pili zilikuwa bapa. Nyundo. Mchagua nazi hupata koroma.

Ungedhani nilikoma. Jicho ukishalizoesha kutafuta, halijui kazi imekwisha. Kila siku nina neno naye: wali una maji. Kicheko chako kinasikika mpaka barabarani. Mbona kanga hii umeirudia. Miaka mitano nilimgeuza Zuhura mbele na nyuma, na mimi mwenyewe sikujigeuza hata mara moja. Nyani haoni kundule. Yeye hakugombana. Siku moja narudi na birika langu, nakuta sanduku liko kizingitini. Akatoa ile shilingi kabatini nilikoiweka, akanitilia kiganjani, akanifumba vidole.

"Shika mkeo," akasema. "Mimi nakwenda kwetu."

Ami yangu alikwenda Mambrui kuniombea. Safari hii hakuwa na saa ya kuvua.

Zuhura aliolewa kwingine, akazaa, nasikia kicheko chake hakikupungua. Mimi shilingi ninayo, hii hapa. Juzi niliitoa dukani, mwenye duka akanirudishia, akasema pesa hizi zilikwisha zamani.

Nimechoka, mwanangu, basi nikuambie moja kwa moja. Kizuri hakikosi ila. Kosa la sarafu unalitafuta uliuze. Kosa la mwenzio ukilipata, utampelekea nani? Kujua kutazama si dhambi, lakini kuna mahali pa kufumba jicho ukacheka na wenzako. Na ulichokwisha kutoa mbele ya watu, usiiname kukiokota.

Mola akupe jicho lenye haya na mkono usiorudi nyuma. Akujaalie mlango utakaobisha ufunguliwe, na aliye ndani afurahi kukusikia. Amina. Haya, nishike mkono niinuke.