Seneta Aliyetaka Barabara

Miaka yote ambayo Orrin Whitcomb alikuwa seneta wa jimbo la Vermont kule Washington, mkewe Verna ndiye aliyechochea jiko la kuni, akalea watoto, akamzika mama mkwe. Mume mwenyewe alikuja Krismasi tu, akakaa ukingoni mwa kiti, simu mkononi. Sasa kastaafu. Ungedhani atatulia? Thubutu! Tangu alfajiri anazunguka nyumba, anafungua madirisha, anayafunga, mpaka mbwa kachoka kumfuata.

Mkutano wa mji wa Machi, ambapo wenyeji huchagua viongozi wao, ulipokaribia, akatangaza, "Nagombea usimamizi wa barabara."

"Barabara? Na magoti hayo?" Verna akafoka. "Nimekuwa mjane mwenye mume, Orrin. Inatosha!"

Akaenda kulia kwa majirani wamnyime kura, nyumba kwa nyumba, bila haya. Mji mzima ukajua.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa, mabuti yanachuruzika maji ya theluji, maharage yananukia jikoni. Kwa desturi yao, mgombea hutolewa nje ili ajadiliwe. Basi yule aliyezoea kubishana na marais akasukumwa kwenye baridi kama mtoto mtundu.

"Huyu mzee kura kwake ni kama pombe kwa mlevi," mtu akasema, watu wakacheka.

Verna hakucheka. Alimwona mumewe dirishani, huyo anakwenda, huyo anarudi, kofia kaisahau ndani. Mara akasimama, akaanza kukwangua barafu ngazini kwa kisigino, watu wasije wakateleza wakitoka. Hakuna aliyemtuma. Moyo ukamuuma Verna. Hivi mtu huyu ukimnyima kazi ya watu, atabaki na nini?

"Wanaomtaka, mikono juu!" akaita Clayton, mwenyekiti.

Verna akanyoosha. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mikono mingine yote ilikuwa mapajani.

"We Verna!" Hester, jirani yake, akamvuta sketi. "Si tunamnyima kwa ajili yako?"

"Najua. Niache."

Orrin akaitwa ndani, masikio yamemwiva. Clayton akamwambia kakosa.

"Nimepata kura ngapi?"

"Moja, mzee."

Watu wakainamisha vichwa. Orrin akaupitia ukumbi mstari kwa mstari, mpaka akafika kwa mkewe. Mkono ulikuwa bado juu, alisahau kuushusha. Akaenda kukaa kando yake, na safari hii akakaa kiti kizima.

"Basi nimebaki na mwananchi mmoja," akasema. "Anataka nini?"

"Uvue mabuti," Verna akajibu, "ule maharage, na usitazame saa."