Pompi ya Mafuta Iliyogeuzwa Nyaya

Kila ninaposikia harufu ya waya unaoungua, namwona mama amelala kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, uchungu wa kuzaa umemshika.

Gari letu la zamani halikufanana na mengine: chuma cha bodi kiliungwa kwenye plus ya betri, si kwenye minus. Papa alifunga pompi mpya ya mafuta kwa haraka, akasahau hilo, akaunga nyaya zake kinyume. Tukielekea hospitali, karibu na kijiji cha Kashebere, pompi ikatoa moshi, gari likazimika.

"Ni mimi njo nimekosa," papa alilia. "Mama batoto, unisamehe."

"Haina neno," mama alisema. "Munibebe tu."

Wanaume wa kijiji walimbeba kwa machela ya miti. Alizaa njiani, damu ikakataa kukoma.

Papa alirudi kwa miguu, mtoto mchanga kifuani. Nilimfuata nyuma, nimeshika viatu vya mama.